Jina Bila Sauti, Sauti Bila Mwenyewe: Juu ya Kumchagulia Msikilizaji Mgeni Albamu za Jazi-Roki

1. Swali na mipaka yake

Kupendekeza albamu ni tendo la uhakiki, ingawa mara nyingi halihesabiwi hivyo. Anayemwambia mwenzake "anza na hii" amekwisha kuamua ni nini kilicho kiini cha muziki huo, ni nini kinachoweza kungoja, na sikio la huyo mwenzake limezoea nini. Katika uwanja wa jazi-roki, ambayo wengine huiita fusheni, uamuzi huo umeganda kwa muda mrefu katika orodha moja inayorudiwarudiwa: Bitches Brew ya Miles Davis (1970), The Inner Mounting Flame ya Mahavishnu Orchestra (1971), Head Hunters ya Herbie Hancock (1973) na Heavy Weather ya Weather Report (1977). Orodha hiyo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba ilitungwa kwa ajili ya msikilizaji aliyetoka kwenye roki ya Marekani na Uingereza, ambaye gitaa lenye makelele tayari ni rafiki yake, na ambaye shida yake kubwa ni kuzoea muziki usio na maneno ya kuimbwa.

Msikilizaji wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani hatoki huko. Sikio lake limelelewa na rumba, na zaidi na sebene, yaani sehemu ile ya wimbo ambapo mwimbaji hunyamaza, magitaa yakashika mzunguko mfupi na kuurudia, na watu wakaingia uwanjani kucheza. Kwake yeye muziki usio na maneno, unaorudiarudia kwa dakika nyingi, si kitendawili hata kidogo. Kwa upande mwingine, gitaa la John McLaughlin linalokimbia kama moto wa nyika laweza kumfukuza kabla hajakaa. Orodha iliyomfaa kijana wa London mwaka 1971 haina budi kupangwa upya kwa ajili yake.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalohusu hasa kurasa za taaluma ya Kiswahili. Katika historia ya jazi-roki kuna albamu iitwayo Mwandishi. Aliyeitoa ni Herbie Hancock, mpiga kinanda aliyezaliwa Chicago mwaka 1940, na wenzake watano waliopiga naye nao walichukua majina ya Kiswahili. Msomi wa Kiswahili anayekutana na majina hayo hushawishika mara moja kusema kwamba hapa ndipo pa kuanzia, kwa kuwa hapa ni nyumbani. Hoja ya makala haya ni kwamba jibu hilo ni la haraka mno. Katika albamu hiyo Kiswahili kimo katika jina, hakimo katika sauti. Albamu nyingine ya Hancock huyo huyo, isiyo na jina lolote la Kiswahili, ina sauti iliyotoka katika misitu ya Afrika ya Kati, lakini wenyewe hawamo miongoni mwa waliohesabiwa kuwa watunzi. Anayewaelekeza wageni anapaswa kuyaonyesha yote mawili, la sivyo atawafundisha kusoma majalada badala ya kusikiliza.

2. Muziki wenyewe kwa ufupi

Mnamo tarehe 18 Februari 1969, Miles Davis aliingia studio mjini New York na kundi lililokuwa na wapiga vinanda watatu kwa pamoja: Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul. Pamoja nao walikuwako McLaughlin kwenye gitaa, Wayne Shorter kwenye saksofoni, Dave Holland kwenye besi na Tony Williams kwenye dramu. Kazi ya siku hiyo moja ndiyo iliyotoa In a Silent Way, ambayo wengi huiona kuwa mlango wa jazi-roki.

Mambo matatu yanaitofautisha albamu hiyo na jazi iliyoitangulia. La kwanza ni umeme: piano ya mbao imeondoka, vimeingia vinanda vya umeme na gitaa. La pili ni kupunguzwa kwa mwendo wa sauti. Mahali ambapo jazi ya zamani ilibadilisha msingi wake kila baada ya mapigo machache, hapa besi hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, na mabadiliko hutafutwa katika rangi na uzito wa sauti. La tatu ni mkasi. Mtayarishaji Teo Macero alichukua mikanda iliyorekodiwa, akaikata na kuiunganisha, hata kipande kilichosikika mwanzoni mwa upande wa pili wa santuri kikarudishwa vilevile mwishoni mwake. Utunzi haukuishia mikononi mwa wapigaji. Uliendelea mezani kwa mkataji.

Miezi sita baadaye, kuanzia tarehe 19 hadi 21 Agosti 1969, Davis alirekodi Bitches Brew, santuri mbili zenye wapiga dramu zaidi ya mmoja, besi mbili, na klarineti ya besi ya Bennie Maupin inayonguruma chini ya wote. Waliopita mikononi mwa Davis katika miaka hiyo ndio walioanzisha karibu makundi yote makubwa ya jazi-roki. McLaughlin aliunda Mahavishnu Orchestra, Zawinul na Shorter wakaunda Weather Report, Corea akaunda Return to Forever, na Hancock akaunda makundi mawili yaliyofuatana, ambayo tofauti yake ndiyo kiini cha makala haya. Kwa hiyo jazi-roki inaeleweka vyema zaidi kama ukoo kuliko kama mtindo. Mgeni akiijua nasaba, hatapotea.

3. Majina ya Kiswahili na uzito wake

Majina ya kundi la kwanza la Hancock hayakuzuka hewani. Mwaka 1965 Maulana Karenga na wenzake walianzisha mjini Los Angeles jumuiya iitwayo US, na mwaka 1966 Karenga akaanzisha sikukuu ya Kwanzaa pamoja na zile kanuni zinazojulikana kama Nguzo Saba, kuanzia Umoja hadi Imani. Mmoja wa vijana waliovutwa na fundisho hilo alikuwa mpiga ngoma James Forman, mwana wa mpiga saksofoni Jimmy Heath, aliyechukua jina la Mtume. Mnamo Desemba 1969 kijana huyo alishiriki pamoja na ami yake, mpiga dramu Albert Heath, katika albamu iliyoitwa Kawaida. Nyimbo alizozitunga humo zina majina kama Baraka, Maulana, Dunia na Kamili. Aliyepiga piano ni Hancock, na aliyepiga besi ni Buster Williams. Ni Mtume huyo aliyewapa Hancock na wenzake majina ya Kiswahili.

Majina yenyewe yanastahili kupimwa kwa mizani ya isimu, kwa kuwa kila moja linasimama mahali tofauti kati ya Kiswahili na Kiingereza.

Hancock aliitwa Mwandishi. Kwa upande wa umbo neno halina dosari: ni jina la mtenda linalotokana na kitenzi "kuandika". Lakini maana iliyokusudiwa ni ya mtu anayetunga muziki, na Kiswahili kina neno lake kwa mtu huyo, nalo ni "mtunzi". Mwandishi huandika barua, kitabu au habari za gazeti. Anayesikia jina hilo Lubumbashi humwona mtu mwenye kalamu.

Mpiga besi Buster Williams aliitwa Mchezaji, na hapa pengo ni pana zaidi. Katika Kiingereza kitenzi kimoja hutumika kwa anayecheza mpira na kwa anayeshika ala ya muziki. Kiswahili hakikubali hivyo. Ala hupigwa: gitaa hupigwa, ngoma hupigwa, hata kinanda hupigwa. Anayecheza muziki ni yule aliyeinuka kitini akaenda uwanjani. Kwa hiyo mpiga besi bora wa kundi hilo aliitwa, katika sikio la Mswahili, mcheza dansi au mcheza mpira.

Mpiga tarumbeta Eddie Henderson aliitwa Mganga, na jina hilo limekaa barabara, kwa sababu Henderson alikuwa daktari aliyesomea utabibu na kuufanyia kazi. Tena limekaa barabara zaidi katika masikio ya Kongo kuliko ya pwani. Huku "munganga" ni daktari wa hospitali bila shaka yoyote, ilhali kwingineko neno hilo huvuta kwanza picha ya mwenye tunguri na mizizi.

Mpiga dramu Billy Hart aliitwa Jabali, neno lililoingia kutoka Kiarabu, lenye maana ya mwamba mkubwa. Nalo linamfaa mtu anayebeba uzito wa wenzake. Maupin, yule wa klarineti ya besi, aliitwa Mwile, jina ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa ni mwili wenye afya. Irabu ya mwisho haikubaliani na kamusi, wala hiyo "afya" haimo ndani ya neno. Mpiga tromboni Julian Priester aliitwa Pepo Mtoto. Jina hilo lilidhamiriwa kusema roho iliyo changa, yenye usafi wa mtoto. Lakini pwani pepo humpanda mtu na hutolewa kwa ngoma, na katika makanisa ya Kongo neno hilo hutamkwa zaidi likiwa pamoja na sifa ya uchafu, likakemewa. Mama wa Bukavu akiambiwa kwamba mtu amechagua kuitwa hivyo, ataomba kwanza aelezwe.

Jina la Mtume nalo ni zito kuliko lilivyoonekana Marekani. Kwa wale walioeneza jina hilo, lilimaanisha mjumbe. Kwa Mwislamu anayesema Kiswahili, "Mtume" bila nyongeza ni mmoja tu, na kwa Mkristo wapo kumi na wawili, na Paulo.

Ni rahisi kuyacheka majina haya, na kicheko hicho kingekuwa cha bure. Waliochagua Kiswahili walijua kwamba wengi wa mababu zao walitoka magharibi mwa Afrika na sehemu za Kongo na Angola, wala si pwani ya mashariki. Walikichagua kwa sababu hakikuwa lugha ya kabila moja, na kwa hiyo kiliweza kuwa cha wote walioporwa lugha zao. Hoja hiyo si ngeni kwa msomaji wa Kongo. Huku pia Kiswahili ni lugha ya watu wengi ambao bibi zao walisema lugha nyingine, na kila mji umekipinda kwa namna yake bila kuomba ruhusa Zanzibar. Anayesema "mubiri" hana haki kubwa ya kumhukumu anayesema "mwile".

Lakini uhakiki wa sauti ni jambo jingine. Albamu ya Mwandishi, iliyorekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970 na kutolewa mwaka 1971, ina vipande vitatu tu. Cha kwanza, Ostinato (Suite for Angela), kimetolewa kwa heshima ya Angela Davis, aliyekuwa gerezani wakati huo. Besi na klarineti ya besi hushika mzunguko wa mapigo 15, hesabu isiyogawanyika kwa urahisi katika hatua za miguu. Katika kipande hicho anasikika pia kijana Leon Chancler, aliyeitwa Ndugu, ambaye dramu zake zilisikika baadaye katika Billie Jean ya Michael Jackson. Cha tatu, Wandering Spirit Song, ni utunzi wa Priester na hujaza upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 20, kikipanda polepole kutoka ukimya hadi ghasia na kurudi. Ni muziki wa hali ya juu, wenye ujasiri na upole pamoja. Hata hivyo hakuna ndani yake taarabu, wala ngoma ya mwambao, wala gitaa la Katanga. Kiswahili kimesimama mlangoni kama bendera.

4. Neno "jazz" lililovuka upande wa pili

Kabla ya kuhukumu, yafaa kukumbuka mkopo uliokwenda upande mwingine. Mwaka 1953 Joseph Kabasele alikuwa na kundi lake la African Jazz mjini Léopoldville, na mwaka 1956 likazaliwa OK Jazz, kundi ambalo Franco aliliongoza baadaye hadi kifo chake mwaka 1989. Ng'ambo ya ziwa, Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa katika Morogoro Jazz. Hakuna kati ya makundi hayo lililopiga jazi kwa maana ya New York. Yalipiga rumba na muziki wa dansi, na asili yake ya karibu ilikuwa santuri za Kuba. Neno lilichukuliwa kwa sababu lilibeba heshima ya weusi waliokuwa wamefaulu mbele ya dunia. Katika Kiswahili cha miaka hiyo, "jazi" ikawa ni bendi yenye magitaa na tarumbeta.

Kwa hiyo pande zote mbili zilifanya jambo lile lile. Mkongo alichukua jina la Marekani na kulivika rumba, Mmarekani akachukua jina la Kiswahili na kulivika jazi ya umeme. Jina lililokopwa hivyo halidanganyi. Linasema mtu anataka kuhesabiwa pamoja na nani. Tena lina adabu yake: linatamkwa hadharani, na kila mtu anajua limetoka wapi. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba Hancock alilibuni neno "mwandishi".

5. Chupa ya Bill Summers

Kundi la Mwandishi lilitoa albamu tatu: Mwandishi (1971), Crossings (1972) na Sextant (1973). Wahakiki wengi waliziheshimu, wanunuzi hawakujitokeza, na mwaka 1973 Hancock alilivunja. Alimbakiza Maupin peke yake, akawaita Paul Jackson kwenye besi, Harvey Mason kwenye dramu, na Bill Summers kwenye ngoma na vyombo vidogo, akarekodi Head Hunters. Majina ya Kiswahili yaliondoka, ukaingia mdundo wa fanki. Albamu ikauzwa kwa wingi ambao jazi haikuwa imeuzoea.

Kipande cha pili cha albamu hiyo ni Watermelon Man, wimbo ambao Hancock alikuwa ameutoa kwanza mwaka 1962, akikumbuka muuza matikiti wa mitaa ya utotoni mwake Chicago. Katika toleo la 1973 wimbo huo unafunguliwa kwa sauti ya ajabu: pumzi inapulizwa, sauti ya kichwa inajibu, pumzi tena, sauti tena, hadi inafumwa nguo kamili ya mdundo. Ni Summers, anayepuliza chupa ya bia na kuimba kwa kupokezana. Sauti hiyo inarudi kuufunga wimbo.

Mfano wake ulikuwa santuri iliyotolewa mwaka 1966, iliyorekodiwa na Simha Arom na Geneviève Taurelle kwa Wabenzele, watu wa msituni wa kundi la Waaka, kusini-magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mtindo huo wenyewe huuita hindewhu. Mpigaji hupokezanisha sauti yake na filimbi ndogo yenye noti moja, na hivyo hutangaza, miongoni mwa mambo mengine, kwamba wawindaji wanarudi. Neno hilo linaigiza sauti ya jambo lenyewe, kama zifanyavyo tanakali nyingi za lugha za Kibantu.

Steven Feld, mwanaanthropolojia wa muziki, aliifuatilia safari ya sauti hiyo katika makala aliyoyachapisha mwaka 1996. Alipomwuliza Hancock, jibu lilikuwa, kwa maana yake, kwamba hilo ni jambo la kindugu kati ya watu weusi waliopitia mateso yanayofanana. Jibu hilo si la dharau, na lina ukweli ndani yake. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba "ndugu" ni neno lenye gharama. Anayemwita mwingine ndugu amejifunga kumzika, kumlipia mahari na kugawana naye nyama. Undugu unaochukua bila kurudisha haujafika mwisho wa neno.

Ushahidi wa tatizo ulionekana mwaka 1994. Mwimbaji Madonna alitumia kipande cha Watermelon Man hiyo ya 1973 katika wimbo wake Sanctuary, na jina la Hancock likaandikwa miongoni mwa watunzi, kama sheria inavyotaka. Sauti iliyonakiliwa kwa mashine ina mwenyewe. Sauti iliyoigwa kwa mdomo na chupa, kutoka kwa watu wa msitu, haikuwa naye. Hancock alitajwa, Wabenzele hawakutajwa, ingawa kilichomvutia kila msikilizaji tangu pumzi ya kwanza ni ufundi wao.

Hapo ndipo kinyume kinapokamilika. Albamu yenye jina la Kiswahili haina sauti ya Waswahili, nayo imelitangaza deni lake. Albamu isiyo na jina la Kiafrika ina sauti ya Afrika ya Kati, na deni lake limebaki bila kulipwa. Anayependekeza albamu kwa kuangalia majina ataipongeza ya kwanza na kuipita ya pili asijue alichokipita.

6. Mpangilio unaopendekezwa

Wapo watakaosema kwamba njia salama ni kufuata tarehe: kuanzia 1969 na kushuka mwaka baada ya mwaka. Mwalimu wa lugha anajua kasoro ya njia hiyo. Hakuna mgeni anayefundishwa Kiswahili kwa kuanza na etimolojia. Huanza na sentensi anayoweza kuijibu.

Kwa msikilizaji aliyelelewa na sebene, sentensi hiyo ni Chameleon, kipande cha kwanza cha Head Hunters, chenye dakika 15 na nusu na zaidi. Besi inaanza peke yake, ikipigwa na Hancock kwenye sintesaiza. Inarudia mzunguko mfupi ambao mtoto anaweza kuuimba, kisha dramu zinaingia, kisha vyombo vingine kimoja kimoja, kama watu wanaoingia uwanjani. Aliyesikia magitaa matatu ya rumba yakigawana kazi atatambua mara moja kwamba hapa pia hakuna anayesema yote. Baada ya nusu ya safari mdundo unabadilika na kinanda cha umeme kinaanza kuzunguka mbali zaidi. Hapo mgeni anaonja jazi yenyewe bila kusukumwa. Kisha na aisikilize Watermelon Man mara mbili: mara ya kwanza bila kuambiwa lolote, mara ya pili akiwa ameelezwa habari za Wabenzele, na ikiwezekana baada ya kuisikia ile santuri ya 1966. Onyo la kiutendaji ni moja. Spika ndogo ya simu huimeza besi, na Chameleon bila besi ni nyumba bila sakafu. Visikizio vya masikioni, hata vya bei ndogo, ni bora.

Ya pili iwe Heavy Weather ya Weather Report. Wimbo wake wa kwanza, Birdland, uliopewa jina la klabu ya New York, una furaha ya wazi na sehemu nyingi zinazofuatana kwa haraka. Gitaa la besi la Jaco Pastorius huacha kukaa chini na kuimba juu. Aliyekua akimsikia Mwenda wa Bayeke, ambaye katika Masanga, iliyorekodiwa mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi, alilifanya gitaa moja liseme kwa sauti mbili, atampenda Pastorius bila tafsiri. Lakini asikae hapo muda mrefu. Utamu wa albamu hiyo ni wa kweli, ila wengi walioiga utamu huo katika miaka ya 1980 waliuacha muziki nyuma.

Ya tatu ni In a Silent Way. Sasa mgeni ana uvumilivu wa kutosha kusikia jinsi vinanda vitatu vinavyoachiana nafasi, na jinsi Tony Williams, mpiga dramu mwenye uwezo wa kulipua nyumba, anavyokubali kugonga tasa lile lile muda mrefu kwa utii. Atafute pia mahali ambapo mkasi wa Macero ulipita. Ni zoezi zuri kwa wanaosoma muundo wa masimulizi, kwa maana marudio yale ya mwisho hayakupigwa na mtu. Yaliwekwa.

Ya nne, na hapa ndipo mahali pake, ni Mwandishi. Msikilizaji aliyekwisha kupita katika zile tatu atausikia mzunguko wa mapigo 15 wa Ostinato kama binamu wa Chameleon, mwenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Ataweza kuyapenda majina kwa kiasi chake, akijua yalikotoka na yanapokosea, na hatatazamia yamletee Mombasa. Anayemwanzishia mgeni hapa kwa sababu ya jina humpa matarajio ambayo muziki haukuahidi, naye huiweka albamu pembeni akidhani amedanganywa. Hiyo ni hasara ya kazi bora.

Ya tano ni Bitches Brew. Msikilizaji ashike uzi mmoja ili asizame, nao ni Maupin. Klarineti yake ya besi inasikika humo mwaka 1969, inasikika tena katika Mwandishi, na yeye mwenyewe, akiwa na saksofoni na vyombo vingine vya kupuliza, yumo katika Head Hunters. Kumfuata mtu mmoja katika vyumba vitatu ni njia nzuri ya kuijua nyumba. Na katika albamu hiyo yumo pia mpiga vyombo vidogo Jim Riley, aliyejulikana kama Juma Santos. Hata hapa jina la siku ya Kiswahili limepita, kimya kimya.

Ya sita na ya mwisho ni The Inner Mounting Flame. Mwingereza McLaughlin, Billy Cobham aliyezaliwa Panama, Jan Hammer wa Prague, Rick Laird wa Ireland na Jerry Goodman wa Marekani wanapiga kwa kasi na nguvu ambayo haikuwa imesikika kabla yao. Ni albamu kubwa. Lakini ukali wake unaeleweka tu na aliyekwisha kujua upole wa In a Silent Way, ambamo McLaughlin huyo huyo alipiga noti chache na kuziacha zipumue. Wanaoiweka ya kwanza katika orodha huwapoteza wasikilizaji wengi, kisha huwalaumu kwa kukosa masikio.

7. Hitimisho

Taaluma ya Kiswahili imezoea kuyakusanya maneno ya lugha hii popote yalipotapakaa, na majina ya kundi la Hancock ni sehemu ya mavuno hayo. Yanastahili kuandikwa pamoja na ya Mtume, Ndugu Chancler na Juma Santos, yakiwa na maana yaliyokusudiwa na maana yanayosikika Lubumbashi, Zanzibar na Bukavu. Kazi hiyo ni nyepesi na yenye kupendeza, na mwanafunzi wa licence anaweza kuifanya.

Iliyo nzito ni ile ya pili. Wabenzele hawasemi Kiswahili, na hakuna jalada linalowavuta wasomi wa Kiswahili kuwatetea. Lakini majirani zao wa msitu wapo pia ndani ya Kongo hii, nyimbo zao hurekodiwa, nao mara nyingi huitwa kwa jina moja la jumla lisilowatofautisha. Mwalimu anayempa mwanafunzi Head Hunters na aandike pembeni ya jina la Herbie Hancock maneno mawili, Wabenzele na hindewhu, kisha aanze kupiga santuri.